Karatasi ya Kura Isiyo na Chama: Namna Kaunti za California Zinavyochagua Viongozi



Tarehe 5 Machi 2024 wapiga kura wa Kaunti ya Los Angeles, jimboni California nchini Marekani, walikuta kwenye karatasi ya kura majina 12 ya watu wanaoomba cheo kimoja, cha mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti. Chini ya majina yaliandikwa maneno machache ya kueleza kazi ya mgombea. Jina la chama halikuwepo, wala bendera, wala alama. Lakini kwenye karatasi hiyo hiyo, penye wagombea wa Bunge la Marekani, kila mgombea aliandikiwa chama anachokipendelea.

Msomaji wa Tanzania anaweza kushangaa. Kwetu hata anayeomba uenyekiti wa kitongoji lazima aletwe na chama. Na mafrateri wanaosoma Sheria ya Kanisa huwa na swali lao: Padre anakatazwa kujiingiza katika vyama vya siasa, sawa, je, uchaguzi ukiwa hauna chama, bado anakatazwa? Nitalifikia swali hilo. Kwanza tuone utaratibu wenyewe, kwa maana wengi wanaousifu na wengi wanaoubeza hawajauangalia kwa karibu.

(Ninaposema jimbo katika makala haya, nina maana ya jimbo la kiserikali, si jimbo la askofu.)

Katiba ya California inasema kwamba vyeo vyote vya mahakama, shule, kaunti na miji havitakuwa vya vyama. Chama hakiruhusiwi kuteua mgombea wa vyeo hivyo, na chama anachokipenda mgombea hakiandikwi kwenye karatasi. California ina kaunti 58. Katiba inataka kila kaunti ichague kwa kura baraza lake la uongozi, sherifu, mwendesha mashtaka mkuu, na mthamini wa mali, yaani anayekadiria thamani ya nyumba na viwanja ili kodi itozwe. Sherifu si polisi wa kawaida tu. Ndiye anayesimamia mahabusu ya kaunti, na mahabusu ya Los Angeles ndiyo mfumo mkubwa kuliko wote wa kaunti nchini Marekani.

Mgombea anayepata zaidi ya nusu ya kura katika uchaguzi wa awali amekwisha kushinda. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi kwa wananchi mwezi Novemba. Kwa kuwa chama hakiandikwi, yale maneno ya kazi chini ya jina yanakuwa na uzito mkubwa, na sheria inayabana: yasizidi matatu, na yawe ya kweli. Watu wamefikishana mahakamani kwa sababu ya maneno hayo matatu. Hata mpangilio wa majina una sheria yake. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya jimbo iliona si haki aliyemo madarakani kuandikwa wa kwanza, na tangu hapo herufi za alfabeti huchanganywa na kuchotwa kama bahati nasibu ili kupata utaratibu wa majina. Ukitafakari, sheria hiyo inakiri jambo la aibu kidogo, kwamba wapo watu wanaompigia kura wa kwanza kwenye orodha kwa sababu tu ni wa kwanza.

Si Marekani yote inayofanya hivyo. Kaunti za Minnesota nazo huchagua bila vyama. Wisconsin imegawa: wajumbe wa baraza la kaunti huchaguliwa bila chama mwezi Aprili, lakini sherifu huchaguliwa kwa chama mwezi Novemba. Texas huchagua kwa vyama hata mahakimu.

Utaratibu huu ulitoka wapi? California ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa mikononi mwa kampuni ya reli ya Southern Pacific, iliyokuwa na usemi mkubwa katika vyama vyote viwili. Hiram Johnson aligombea ugavana mwaka 1910 akiahidi kuiondoa kampuni hiyo katika siasa, akashinda. Mwaka 1911 vyeo vya mahakama na shule vikaondolewa katika vyama, na mwaka 1913 vikafuata vya kaunti na miji. Hoja ilikuwa rahisi: barabara ya mtaa na bomba la maji havina chama, basi kwa nini anayevisimamia awe nacho?

Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa mara nyingi. Ipo nyingine, na sisi Wakatoliki tunapaswa kuijua.

Katika miji ya mashariki ya Marekani, kama New York na Boston, vyama vilikuwa na mitandao iliyoshika kila mtaa. Mitandao hiyo ilikula rushwa, hilo halina ubishi. Lakini mhamiaji maskini aliyeshuka melini kutoka Ireland au Italia, asiyejua mtu, alikuta balozi wa chama akimtafutia kibarua, akimpelekea mjane makaa ya kupasha nyumba joto, akihudhuria mazishi. Kura ilikuwa malipo. Wahamiaji hao kwa sehemu kubwa walikuwa Wakatoliki, na wengi wa wanamageuzi waliotaka kuvunja mitandao walikuwa Waprotestanti wa tabaka la juu, ambao hawakupenda rushwa, na baadhi yao hawakuwapenda pia wahamiaji wenyewe.

Boston ni mfano mzuri. John F. Fitzgerald, Mkatoliki mwenye asili ya Ireland na babu mzaa mama wa Rais John F. Kennedy, alikuwa meya kuanzia 1906 hadi 1908. Mwaka 1909 katiba ya mji ikabadilishwa: uteuzi wa vyama ukafutwa, na baraza lililokuwa na wawakilishi wa mitaa likawa la watu tisa wanaochaguliwa na mji mzima. Ilitarajiwa kwamba bila chama Fitzgerald na wenzake wangedhoofika. Mwezi Januari 1910 Fitzgerald akagombea chini ya sheria mpya dhidi ya tajiri wa benki, James Storrow, akashinda. Baada yake akaja James Michael Curley, Mkatoliki mwingine wa asili hiyo hiyo. Mtandao haukuhitaji jina la chama kwenye karatasi. Ulikuwa unajua milango ya watu.

Kwa hiyo anayesema kuondoa chama ni kuondoa siasa, namwomba asome habari ya Boston.

Hata hivyo kinabadilika kitu. Jina la chama kwenye karatasi ni muhtasari: mpiga kura asiyemjua mgombea anajua angalau anatoka kundi gani. Ukiondoa muhtasari huo, mtu hujikuta peke yake mbele ya majina. Mwaka 2001 watafiti watatu, Brian Schaffner, Matthew Streb na Gerald Wright, walilinganisha chaguzi za namna hizi mbili nchini Marekani. Waliona kwamba chama kisipoandikwa wanaojitokeza hupungua, na wanaojitokeza huelekea kumrudisha aliyemo madarakani, kwa kuwa jina lake ndilo wamelisikia. Chama kilikuwa kinafanya kazi ya kuchuja, na kazi hiyo haikufutwa pamoja nacho. Iliangukia mikononi mwa mpiga kura, awe tayari au asiwe tayari.

Na asipoifanya yeye, ataifanya mwingine. Mwaka 2018 Alex Villanueva aligombea usherifu wa Los Angeles dhidi ya sherifu aliyekuwepo, Jim McDonnell. Karatasi haikuwa na chama. Lakini chama cha Democratic cha kaunti kilitangaza kumuunga mkono Villanueva, na kampeni yake iliwakumbusha watu wakati wote kwamba yeye ni Mdemokrati. Katiba inakataza chama kuteua. Haikizuii kutangaza kinayemtaka. Villanueva akashinda, na ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka mia sherifu aliyemo madarakani kuangushwa Los Angeles. Miaka minne baadaye naye akaangushwa na Robert Luna. Chama kilichofukuzwa mlangoni kilikuwa kimeingilia dirishani, na walionufaika ni wale waliofuatilia habari. Mzee aliyeisoma karatasi tu hakuona kitu.

Turudi kwenye yale majina 12, maana hapo ndipo jambo linapotugusa. Mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti ndiye anayeamua, katika kesi ya mauaji inayoruhusu adhabu hiyo, kama ataiomba mahakama itoe hukumu ya kifo. California haijamnyonga wala kumchoma sindano mtu yeyote tangu 2006, na mwaka 2019 gavana alisimamisha utekelezaji, lakini sheria ya adhabu ya kifo ingalipo na hukumu zinaweza kutolewa. Mwezi Desemba 2020 George Gascón, alipoingia ofisini Los Angeles, alitangaza kwamba ofisi yake haitaomba tena adhabu ya kifo. Katika uchaguzi wa 2024 alipambana na washindani 11. Waliofika Novemba ni yeye na Nathan Hochman, ambaye miaka miwili kabla aligombea cheo cha jimbo zima kwa tiketi ya Republican na safari hii alijitambulisha kuwa hana chama. Hochman alishinda, na mwaka 2025 akaondoa katazo la Gascón, akisema adhabu hiyo itaombwa katika kesi chache sana.

Tangu 2018 Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2267, inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa ni shambulio dhidi ya hadhi ya mtu isiyoweza kuvunjwa. Mkatoliki wa Los Angeles alikuwa na jambo zito la kupima, na pembeni yake yalikuwepo mengine mazito: usalama wa watu wake, haki ya waliouawa ndugu, watoto walioingia katika magenge. Sisemi alipaswa kumpigia nani. Lakini hakuna lolote katika hayo lililoandikwa kwenye karatasi. Aliyeingia kituoni bila kujiandaa aliamua jambo la uhai na kifo kwa kutumia jina la mtu na maneno matatu ya kazi yake.

Sasa tujitazame sisi. Uchaguzi usio na chama si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo huchagua viongozi hivyo. Majina yanapendekezwa, watu wanapiga kura, hakuna kampeni (au angalau haitakiwi kuwepo). Na mara nyingi matokeo ni mazuri, kwa sababu kaya 20 zinafahamiana. Kila mtu anajua nani huwahi sala ya Jumamosi alfajiri, nani alikaa na mgonjwa, na michango ya mwaka juzi ilipita kwa nani ikapungua. Hakuna anayehitaji muhtasari wa chama.

Tofauti ni ukubwa. Kaunti ya Los Angeles ina watu karibu milioni 10, karibu mara mbili ya Mkoa wa Dar es Salaam katika sensa ya 2022, na Bodi yake ya Wasimamizi ina watu watano tu, kila mmoja akiwakilisha watu wapatao milioni mbili. Hakuna ujirani unaoenea hivyo. Mwezi Novemba 2024 wananchi wenyewe walipitisha mabadiliko ya kuifanya bodi iwe na watu tisa.

Wazee wetu nao waliwahi kupiga kura ambayo chama hakikuwasaidia kuamua. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965, chini ya chama kimoja, karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Kwa kuwa chama kilikuwa kile kile, swali lililobaki lilikuwa la mtu: huyu ametufanyia nini? Mawaziri walianguka, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Lakini tusiudanganye moyo. Chama ndicho kilichowachuja wawili hao kabla mwananchi hajawaona. Uganda nayo, kuanzia 1986 hadi kura ya maoni ya 2005, iliendesha siasa za mtu kuchaguliwa kwa sifa zake bila chama, na wakosoaji walisema kila mara kwamba Vuguvugu lenyewe lilikuwa chama kisichotaka kuitwa chama.

Leo Tanzania Bara tuna sheria ya upande wa pili kabisa. Kuanzia kitongoji, kijiji na mtaa hadi urais, mgombea lazima awe mwanachama na adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994 na tena 2006. Katikati Bunge lilibadili Katiba, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi wake. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapo hapo Arusha, iliamua kwamba sharti hilo linavunja haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi na uhuru wa kujiunga au kutojiunga na chama. Mtikila alifariki mwaka 2015. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulifanyika sharti likiwa bado lipo.

Kenya imechagua njia ya katikati. Katiba ya 2010, ibara ya 85, inamruhusu mgombea huru, mradi hakuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Anayetaka kuwa mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti lazima aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Vyama vinabaki kwenye karatasi, na asiye navyo anasimama kando yao. Laikipia na Isiolo mwaka 2017, na Meru mwaka 2022, zilichagua magavana wa namna hiyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye busara zaidi kwa nchi zetu, kwa sababu haimnyimi mpiga kura taarifa ya chama na haimfungii mtu mwema mlango kwa kukosa kadi. Katika kijiji, ambako kila mtu anamjua mwenzake kuanzia ukoo hadi shamba, ulazima wa kadi ndio mgumu zaidi kuuelewa. Mwalimu mstaafu ambaye kijiji kizima kinamwamini na fedha za mradi wa maji hawezi kuwa mwenyekiti mpaka kwanza apate chama.

Sasa swali la mafrateri. Sheria ya Kanisa ina makatazo mawili tofauti, na watu huyachanganya. Kanuni 287, aya ya 2, inawataka makleri wasishiriki kwa bidii katika vyama vya siasa wala katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, isipokuwa mamlaka husika ya Kanisa ione kwamba kulinda haki za Kanisa au manufaa ya wote kunadai hivyo. Kanuni 285, aya ya 3, inawakataza kushika vyeo vya umma vyenye kushiriki katika kutumia madaraka ya kiserikali. Uchaguzi usio na chama unaondoa tatizo la kanuni ya kwanza tu. Usimamizi wa kaunti, usherifu au uenyekiti wa kijiji ni madaraka ya kiserikali, uwe na chama au usiwe nacho, na kanuni ya pili inabaki palepale. Padre Robert Drinan, Mjesuiti wa Massachusetts, alikaa katika Bunge la Marekani tangu 1971. Mwaka 1980, ilipokuja amri kutoka kwa Papa Yohane Paulo II, alitii na hakugombea tena.

Mashemasi wa kudumu wana hali nyingine: kanuni 288 inasema hawafungwi na makatazo hayo mawili, isipokuwa sheria ya mahali iamue vinginevyo. Na frateri ambaye bado hajapewa ushemasi si kleri. Kwa kanuni hizi hafungwi. Ila sidhani yupo gambera atakayempa ruhusa ya kwenda kuomba kura.

Mlei ndiye anayeitwa kuingia humo kwa miguu miwili. Katekisimu, namba 2240, inaweka kupiga kura kati ya wajibu wa kimaadili, na Gaudium et Spes, namba 75, inawakumbusha raia haki na wajibu wao wa kutumia kura huru kwa ajili ya manufaa ya wote. Kanuni 227 inamtambulia mlei uhuru wake katika mambo ya dunia, ikimwonya asiyatoe maoni yake kana kwamba ndiyo mafundisho ya Kanisa.

Kishawishi cha Padre katika uchaguzi usio na chama ni cha pekee. Anaweza kujiambia, "Sitaji chama, namtaja tu mtu mwema." Lakini katika kigango, kumtaja mtu kunauma kuliko kutaja chama. Mgombea wa upande wa pili ni mjomba wa mwenyekiti wa kwaya, na mke wake ndiye anayefua vitambaa vya altare. Wote wawili watakuja Dominika inayofuata kupokea Ekaristi kutoka mikono ile ile.

Anachoweza kufanya Padre, pamoja na Halmashauri ya Walei, ni kuwasaidia watu kuuliza. Parokia nyingi za Marekani hufungua ukumbi na kuwaalika wagombea wote, bila kumwacha hata mmoja, wajibu maswali yale yale kwa muda ule ule. Kwao maswali yatahusu mahabusu, adhabu ya kifo, watu wasio na makazi. Kijijini kwetu yatahusu mapato na matumizi: yatasomwa kila robo mwaka kwenye mkutano mkuu, au yatabandikwa mara moja na kunyeshewa mvua? Ardhi ya kijiji ikiombwa na mwekezaji, nani ataitwa kwanza? Mjane akinyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu, mwenyekiti atakaa upande gani wa meza?